Kitabu Juu Chini

Alikuja Januari, mwezi ambao hata mito yetu haisemi,
Askofu Pamfili, mtu wa kusini, mwembamba kama mshumaa wa senti,
na nyuma yake sleji tatu: moja ya nguo,
mbili za vitabu vilivyofunikwa ngozi za kondoo
kana kwamba vyenyewe ndivyo vitakavyoona baridi.

Kosvinsk ilimpokea kwa kengele na pombe.
Makarani wa kanisa kuu walijua bei ya kila kitu:
ushemasi, ng'ombe; upadri, ng'ombe na ndama wake;
parokia yenye kinu cha maji, tuzungumze faraghani.
Kabla ya Kwaresima alikwisha kuwafukuza wanne.
Wa tano alijiondokea usiku, muhuri mfukoni.

Kisha ikatoka barua: mapadri wote waje, wasome mbele yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimsindikiza baba, Padri Trifoni,
siku tatu juu ya mto ulioganda.
Njia nzima alimsemesha farasi tu.

Ukumbini walisimama kama ndama mnadani.
Mmoja alisema macho yanamwuma.
Mwingine alikohoa mpaka akasamehewa.
Baba akapewa Zaburi.
Akafungua, akasafisha koo, akatiririka
kwa sauti ile ile iliyowazika babu zetu,
bila kukwama, bila kumeza hata silabi,
na kitabu kilikuwa juu chini.

Waliocheka ni makarani. Askofu hakucheka.
Alinyoosha mkono, akakigeuza taratibu,
kama unavyomgeuza mtoto mchanga aliyelala vibaya,
akasema, "Endelea, Padri."

Baba akanyamaza.

Akateremshwa, akawa mpiga kengele wa kanisa lake mwenyewe.
Mimi nilibaki Kosvinsk. Ndiyo ilikuwa faini: mwana.

Shule ilikuwa ghala la chumvi la zamani.
Kuta zilitoka jasho, nasi kwa njaa tukazilamba.
Wenzangu walikuwa wameopolewa darini, ndani ya nyasi kavu;
mmoja aliletwa na gauni la dada yake mwilini.
Wino uliganda, tukauyeyusha kwapani.
Kilatini kilitungoja kila asubuhi, na fito nayo ilitungoja.
Tulimchukia. Naliandika wazi,
maana siku hizi kila mzee wa Kosvinsk hudai alimpenda.
Naliandika na hili: aliuza farasi wake wanne
ili tupate kuni, na majira yale ya baridi
alizikagua parokia kwa miguu, akarudi bila vidole viwili.
Sikumpenda hata hapo. Nilijifunza haraka zaidi, basi.

Miaka kumi na minane ikapita.
Theluji ilikuwa inayeyuka, njia zimekuwa uji,
sleji ya Askofu ikazama karibu na kwetu.
Padri wa pale nilikuwa mimi, lakini usiku ule
nilikuwa ng'ambo ya mto, kwa mgonjwa.
Akamkuta baba peke yake.
Alikuwa na utando mweupe machoni, kama maziwa yaliyopoa.
Aliomba asomewe sala za usiku.
"Mhashamu," baba akamwambia, "unajua sijui kusoma."
"Najua. Na mimi siku hizi sijui."

Baba alinisimulia mara moja tu, akikuna sufuria:
kwamba mmoja alianza mstari, mwingine akaumalizia;
kwamba Mhashamu alikosea mara mbili,
na kwamba yeye, baba, alimsahihisha.

Asubuhi mgeni aliacha Zaburi mezani.
Baba aliisimamisha rafuni, chini ya ikoni,
herufi za jalada zikitazama chumba, juu chini.
Kama alikosea au alikusudia, alikwenda nalo kaburini.

Sijaigusa, ila kufuta vumbi.
Watoto wa kijiji huja kwangu baada ya mavuno,
huketi wakiitazama rafu ile, wiki baada ya wiki,
wakitafuna mkate mweusi, hawaoni kitu.
Halafu siku moja mtoto huacha kutafuna,
huinamisha kichwa upande, na kuuliza
mbona kile kitabu kimepinduka.